Anko wa Gereji: Mmeniuliza kuhusu gokati

Toleo lililopita mhariri aliweka kapicha kadogo ka gokati pale chini ya ukurasa, wala hakakuwa na maelezo, ni kujaza nafasi tu. Basi meseji zilizokuja ni nyingi kuliko zile za siku niliyoandika kuhusu gia otomatiki! Wengine mnauliza bei, wengine mnauliza kama ni mchezo wa watoto, mmoja kaniuliza kama inaweza kubeba magunia ya mkaa (haiwezi kaka, na tafadhali usijaribu). Nimechagua chache, zinazofanana nimezibana pamoja.

Shikamoo anko. Niko Tabata, nina miaka 22, magari nayapenda kufa. Hivi hizi gokati si ndo vile vigari vya watoto vya kuzunguka zunguka kule beach? Zinakimbia kweli au ni kelele tu?

Marahaba mwanangu. Vya watoto vipo na wala sivisemi vibaya, ila ukiishia hapo utakuwa umeangalia chandimu ukadhani umemaliza soka lote.

Gokati ni fremu ya mabomba ya chuma, kiti kigumu cha faiba, usukani, pedali mbili, injini ubavuni mwa dereva na tairi nne ndogo. Basi. Hamna paa, hamna mlango, hamna shokapu, hamna difu, na nyingi hata gia hazina. Mguu wa kulia mafuta, wa kushoto breki, na breki yenyewe kwenye gokati nyingi inashika tairi za nyuma tu. Unakaa chini kiasi kwamba ukinyoosha mkono unagusa lami (usinyooshe).

Spidi sasa. Za kukodi, zile za injini ya fostroki, zinatembea 50 mpaka 70 kwa saa kutegemea na treki. Najua umecheka. Lakini 60 ukiwa umekaa sentimita chache juu ya lami, upepo unakupiga kifuani, kona inakuja kabla hujamaliza iliyopita, mwili wako unakwambia hii ni 120 na unauamini. Za mashindano, za tustroki cc 125, zinapita 100 bila kutoa jasho. Afu kuna zinaitwa superkati, cc 250 na gia zake, zinakimbizwa kwenye viwanja vikubwa vya magari na zinapita 200, hizo tuwaachie wenyewe.

Na mchezo wenyewe umetoka gereji, siyo kwa matajiri kama watu wanavyodhani. Mwaka 1956 huko Kalifonia kulikuwa na jamaa anaitwa Art Ingels, fundi kwenye kampuni ya kutengeneza magari ya mashindano ya Kurtis Kraft, akachukua injini ya mashine ya kukatia majani, West Bend ya hosipawa mbili na nusu hivi, akaifunga kwenye fremu ya mabomba akisaidiana na mwenzake Lou Borelli. Wakaenda kuichezea kwenye maegesho ya uwanja wa Rose Bowl kule Pasadena, watu wakaona, kila mtu akataka ya kwake, na kabla hiyo miaka ya 50 haijaisha tayari kuna kampuni inakuuzia vipande unaenda kuunganisha mwenyewe nyumbani. 1962 FIA, wale wanaosimamia mbio za magari duniani, wakaunda kamati ya gokati, na 1964 ukapigwa ubingwa wa dunia wa kwanza, akaubeba Muitaliano Guido Sala. Miaka minane kutoka mashine ya majani mpaka bingwa wa dunia, siyo mbaya.

Anko mimi ni fundi wa kuchomelea, Morogoro. Nina injini ya pampu ya maji hosipawa 6.5 imekaa tu, nataka niunde gokati. Ila kuna jamaa ananiambia ekseli ya nyuma haitakiwi difu, nikamwambia sasa itakataje kona? Nani yuko sahihi?

Fundi mwenzangu, swali lako ndo limenifanya niandike ukurasa mzima, kaa vizuri.

Jamaa yako yuko sahihi, ila na wewe hujakosea kushangaa. Gari la kawaida likikata kona, tairi la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani, na difu ndo inaruhusu kila tairi liende kwa mwendo wake. Kwenye gokati ekseli ya nyuma ni bomba moja, tairi zote mbili zimefungwa humo humo, hakuna linaloweza kuzunguka haraka kuliko mwenzake. Kwa hesabu hiyo gokati inatakiwa igome, wewe unazungusha usukani yenyewe inaenda mbele moja kwa moja kwenye majani. Na ukiiunda vibaya ndicho itakachofanya, nakuhakikishia.

Ujanja upo mbele. King pini za tairi za mbele, zile pini ambazo tairi linageukia ukizungusha usukani, hazijasimama wima, zimelazwa. Ukizungusha usukani, tairi la mbele la ndani linasukumwa kwenda chini na la nje linapanda juu, fremu inajipinda kidogo, na kule nyuma tairi la ndani linanyanyuka kutoka kwenye lami. Siyo sana, kidogo tu. Kwa muda huo gokati inatembea na tairi tatu, nyuma linasukuma moja peke yake, la nje, kwa hiyo ile shida ya difu haipo tena na kona inakatika. Ukinyoosha usukani lile tairi linarudi chini, zote mbili zinasukuma, unaondoka. Siku ukienda kwenye treki usikae jukwaani na soda, nenda kasimame nyuma ya uzio kwenye kona ya kugeuza kabisa, ile wanayoingia taratibu kuliko zote, uchuchumae, macho yako yaweke kwenye tairi la nyuma la upande wa ndani. Utaona mwanga unapita chini yake. Anayejua kuendesha, tairi linanyanyuka kidogo na kurudi laini. Asiyejua, ama halinyanyuki kabisa na gokati inaburuzika huku injini inalia kwa kukosa pumzi, ama linaruka juu na kushuka kwa kishindo, gokati nzima inadunda.

Sasa umeona kwanini nakwambia hili wewe wa kuchomelea. Mafundi wetu tukitaka kitu kiwe imara tunaongeza chuma, tunaweka msalaba hapa, bamba pale, mwisho wa siku fremu ni ngumu haipindi hata ukiipandia na lori. Gokati haina shokapu, fremu ndo shokapu yake, ikikataa kupinda tairi la ndani halinyanyuki na kona hukati. Ndo maana za mashindano zinatumia bomba la chuma kizuri chenye kromu na molibdenamu, kipenyo cha nje milimita 30 au 32, linapinda na kurudi bila kupasuka. Bomba la maji siyo hilo, litapinda mara ya kwanza, ya pili litabaki hivyo hivyo. Hata kiti hakiwekwi hovyo, kinafungwa kwenye fremu kwa boliti na kinasaidia kuhamisha uzito, ukikisogeza mbele au nyuma sentimita moja tu dereva anajua.

Injini yako iko poa. Gokati nyingi za kukodi duniani zimetembea miaka na miaka na Honda GX200 au GX270, na hiyo GX200 ndo hosipawa 6.5 ile ile inayovuta maji mashambani na kuwasha jenereta, na za Kichina nyingi zimeiga humo humo. Kwa hiyo spea unazo mtaani. Unachohitaji ni klachi ya senta, ile inayoshika yenyewe injini ikipanda, maana bila hiyo gokati itataka kuondoka ukiwa bado hujakaa, cheni na sproketi ya kwenye ekseli, na diski breki ya maana kwenye ekseli hiyo hiyo.

Mambo mawili nakuomba kama kaka. La kwanza gavana ya injini, ile inayozuia injini isizunguke kupita kiasi, usiing'oe, najua vijana watakuja kukushauri uitoe ili ikimbie, lakini konrodi ya injini ile, chuma kinachoshika pistoni, haikuundwa kwa mizunguko hiyo, siku itakayokatika itatoka kwa ubavu wa injini, na ubavu wa injini uko karibu na ubavu wako. La pili, cheni na ekseli vifunikwe kabla hata ya kupaka rangi. Na ukimaliza kaijaribie kwenye kiwanja cha wazi, siyo barabara ya Dodoma. Dereva wa lori hakuoni huko chini ulipo.

Habari yako. Sisi tuko South B, Nairobi. Kijana wangu ana miaka 9, na tangu tumpeleke Naivasha kuona Safari Rally hatuna amani kwa nyumba, anataka kuwa dereva. Nimeskia go-kart ndio mahali pa kuanza. Baba yake anasema hiyo ni kuchoma pesa. Je ni hatari? Na tuanze wapi?

Nzuri mama, na msalimie mzee, tutampa haki yake usijali.

Ni kweli madereva wakubwa wa Formula One karibu wote wameanzia kwenye gokati. Lewis Hamilton alianza na miaka 8, gokati ya kwanza ilikuwa ya mtumba, na mwaka 1995 akiwa na miaka 10 akachukua ubingwa wa Uingereza wa watoto. Michael Schumacher baba yake alikuwa muashi kule Kerpen, Ujerumani, alimfungia injini ya pikipiki ndogo kwenye kigari cha kukanyaga mtoto akiwa na miaka 4, baadae familia ikahamia kabisa kwenye mambo ya treki, baba anahudumia gokati mama yuko kantini. Ayrton Senna na yeye alianza na miaka 4 na injini ya mashine ya majani, na pamoja na ufundi wake wote ubingwa wa dunia wa gokati hakuwahi kuupata, alikuwa wa pili 1979 akawa wa pili tena 1980. Sasa hapo ndo namuunga mkono mzee: kama Senna alikosa, ujue kwenye mchezo huu kuna watoto wengi sana wenye uwezo, na baba yake Hamilton alilazimika kufanya kazi zaidi ya moja kulipia. Kwa hiyo ukimpeleka kwa hesabu kwamba atakuja kuwanunulia nyumba, hapana, hiyo ni kuchoma pesa kweli. Ukimpeleka kwa sababu ana miaka 9 na anataka, basi ni mchezo kama mingine na una faida zake. Atajifunza kuvunja kasi kabla ya kona, na hicho ni kitu ambacho watu wazima wengi wa Thika Road hawajajifunza mpaka leo.

Aanze na za kukodi. Usinunue kitu. Kwa Nairobi jina ambalo watu wamelijua miaka mingi ni GP Karting, Langata Road jirani na Carnivore, na ukishuka upande wa Athi River kuna Whistling Morans. Piga simu kwanza uulize kama wana gokati ndogo za watoto, maana wanaangalia kimo kuliko miaka: miguu ifike kwenye pedali akiwa ameegemea kiti vizuri. Kama anateleza kwenda mbele ndo aguse breki, bado. Mwache akue, atakasirika wiki moja.

Akikolea na mkaona kweli anataka, mashindano yana madaraja ya umri. Nchi nyingine wanaanza hata miaka 6, kuanzia 8 kuna daraja la watoto, kama 12 hadi 14 ni junia, 14 kwenda mbele sinia. Injini za watoto zinabanwa makusudi zisitoe nguvu zote.

Hatari ipo, sitakudanganya. Ila kuna jambo huwa linawashtua wazazi: gokati ya mashindano haina mkanda. Ni makusudi, maana haina kichuma cha juu cha kukinga kichwa, na kama itapinduka ni heri dereva atoke kuliko abaki amefungwa chini yake. Za kukodi baadhi zina mikanda, hizo zimetengenezwa tofauti, ufuate wanavyosema pale. Mbavu nazo zinaumia sana, kwa sababu kile kiti ni kigumu na kila kona mbavu zinagonga ukingo wake. Kuna vesti ya kukinga mbavu, kabla ya kununua kitu kingine chochote nunua hiyo. Helmeti iwe ya kufunika uso mzima na imkae, atikise kichwa isicheze. Hizi za bodaboda za nusu kichwa, hapana mama.

Assalaam aleikum. Mimi ni binti, nipo Mombasa, navaa buibui na ushungi. Wenzangu wa chuo wanapanga kwenda gokati. Naweza kwenda au nitakuwa wa kupiga picha tu?

Waaleikum salaam binti yangu. Nenda ukaendeshe, picha watapiga wao ukiwapita. Lakini hapa sina utani hata kidogo: nguo yoyote inayoning'inia haipandi gokati. Nyuma ya mgongo wako kuna ekseli inazunguka na cheni inazunguka, hamna bodi ya gari ya kukukinga, na upepo unasukuma kila kitu kurudi nyuma huko huko. Mwaka 2010 kule Australia mama mmoja alifariki baada ya vazi lake la kichwani kunaswa na gokati. Na siyo ushungi tu, nywele ndefu zimeshaumiza wasichana wengi sehemu mbalimbali, hata mtandio, hata kamba za kofia ya sweta, hata lanyadi ya kazini.

Vaa suruali pana na shati refu la mikono, uombe ovaroli ya pale treki uvae juu yake. Kichwani vaa ile kofia ya kubana ya hijabu ya michezo, iingie yote ndani ya ovaroli shingoni, afu ndo helmeti juu. Nywele zifungwe chini, zisiwe fundo kubwa maana helmeti haitakaa. Viatu vya kufunga, kamba zichomekwe ndani. Ukifika mwambie mwenzako akuzunguke akuangalie kwa nyuma, kisha mwambie na yule kijana wa treki akuangalie pia, asione tabu, ndo kazi yake. Mombasa treki ipo, kaskazini ya mji njia ya kwenda Malindi, jina ni hilo hilo Mombasa Go-Kart. Kama mtaenda pale na wakakwambia panda tu na buibui lako hakuna shida, shuka uondoke.

Mzee nina kilo 104. Itanibeba?

Itakubeba, ila itakuwa na maoni. Kwenye injini ndogo ya kukodi kila kilo inaonekana, rafiki yako wa kilo 60 atakuacha kwenye sehemu iliyonyooka na hamna cha kufanya. Kwenye mashindano wameliona hilo, kila daraja lina uzito wa chini kabisa, dereva na gokati yake pamoja, na aliyepungua anafungiwa vipande vya risasi (ile metali nzito, siyo ya bunduki) kwenye kiti mpaka mzani ukubali. Kwa hiyo kwenye mashindano wembamba wanabeba risasi, wewe umeshabeba ya kwako. Angalia tu kiti kikutoshe, kikikubana sana mbavu zitakukumbusha siku tatu.

Bro niko Dubai, nafanya kazi ya udereva wa dilivari. Mwisho wa mwezi tunaenda Kartdrome na wenzangu wa kazini, na kuna jamaa mmoja kila siku ananiacha sekunde tatu kwa raundi, gokati ni zile zile, mimi naendesha siku nzima yeye anakaa ofisini na komputa. Ananipiga wapi?

Anakupiga kwenye breki, nina uhakika hata sijakuona.

Hiyo treki ya nje ya Dubai Kartdrome ni kilomita 1.2 na kona 17. Sekunde tatu ukizigawa kwa kona 17 haifiki hata nukta mbili kwa kona, yaani hakuna sehemu moja ambayo jamaa anakuacha, anakuchuna kidogo kidogo kila kona na wewe huoni. Na wewe unaendesha siku nzima kweli, lakini dilivari ni kufika salama na pizza haijamwagika, huku ni kitu kingine.

Kwanza acha kukanyaga pedali zote mbili kwa pamoja. Madereva wa gari wengi wanafanya hivi bila kujua, mguu wa kushoto umekaa juu ya breki unapumzika, na ile breki ya nyuma inashika kidogo muda wote. Injini ya hosipawa chache haina nguvu ya kugawana na breki.

La pili, breki unamaliza ukiwa bado umenyooka. Kumbuka breki iko nyuma tu, ukiikanyaga huku usukani umeshazunguka ule mkia unakuja mbele kukusalimia, unazunguka, unabaki unaangaliana na wenzako. Kanyaga kwa nguvu, kwa muda mfupi, ukiwa umenyooka, achia, ndo uzungushe usukani. Na uingie kona kutokea ukingo wa nje, uguse ukingo wa ndani, utoke nje tena utumie upana wote wa treki umelipia. Afu ule ukingo wa ndani uuguse kwa kuchelewa kidogo, siyo mwanzoni mwa kona, ili utoke ukiwa umeshanyooka na mafuta umeshakanyaga. Kwenye gokati ya kukodi kona unaipata pale unapotoka. Ukiingia kwa mbwembwe tairi zinalia washkaji wanashangilia, ukitoka injini imekufa na unaanza upya kama bajaji imepakia watu sita.

Kulia kwa tairi ndo kunawadanganya wengi. Ukiwa unaslaidi unajiona dereva wa muvi, kumbe kila mtelezo ni spidi inaondoka na hairudi. Sikiliza injini badala ya tairi: jamaa yako ukimfuata nyuma utasikia injini yake haishuki sauti sana kwenye kona, ya kwako inashuka mpaka chini. Basi wewe kazi yako ni kufanya isishuke. Na usukani uushike kawaida, usiuninginie, mikono itachoka raundi ya tano na kuanzia hapo utakuwa abiria.

Raundi mbili za kwanza tairi za baridi hazishiki, tulia. Wanaotoka kwa pupa raundi ya kwanza ndo hao hao unaowaona kwenye matairi ya ukingoni.

Ukimaliza usiondoke bila ile karatasi ya muda. Kila gokati ina kidude kinachosoma muda ikipita kwenye mstari, karatasi inakuonyesha raundi moja moja. Usiangalie ya haraka kuliko zote, angalia kama zinafanana. Kama moja ni nzuri na nyingine zimetawanyika sekunde mbili mbili, ile nzuri ilikuwa bahati. Zikianza kufanana, hapo ndo utafute nukta za kupunguza. Na kama gokati zinatofautiana kidogo, maana hata za kukodi zinatofautiana wasikudanganye, mwambie jamaa mbadilishane kipindi cha pili. Mkifika mahali mnalingana jikusanyeni timu, pale pale huwa kuna mbio za masaa 24, mnapokezana usiku kucha.

Zile za bei nimezijumlisha: Anko gokati shilingi ngapi? Kukodi shilingi ngapi? Dar zipo wapi?

Bei za kukodi zinabadilika, sitaandika namba mje mnitukane toleo lijalo. Mnalipa kwa dakika, mara nyingi kipindi cha dakika kumi hivi, na kwa Dar jaribuni kuwapigia Kunduchi Wet 'n' Wild muulize kama siku hiyo zinatembea. Kumi zinaonekana chache. Ukishuka mikono inatetemeka utaniambia.

Kununua ya mashindano mpya na injini yake, mfano hizi za Rotax cc 125, ni maelfu kadhaa ya euro kabla hujalipa usafiri na ushuru, na kununua ndo sehemu rahisi. Tairi laini za mashindano zinaisha haraka, cheni zinakatika, injini ya tustroki ina masaa yake ya kufunguliwa na kuwekwa pistoni mpya, siyo kilomita, masaa. Unataka na mtu wa kukushikia spana. Ukiwa na hela ya gokati moja mpya nunua ya mtumba, iliyobaki iwe ya tairi. Na kabla ya kulipa ya mtumba, igeuze juu chini uangalie mabomba ya chini ya kiti na pembeni, kama yamesagika kwa kukwaruza lami yakawa bapa, au kuna sehemu imechomelewa tena, mwachie mwenyewe.

Na hizi za umeme vipi anko?

Nzuri, hasa za ndani ya jengo, hamna moshi wala kelele, na ukikanyaga zinaondoka hapo hapo hazisubiri klachi. Ni nzito kwa sababu ya betri, na yule wa treki anaweza kuzipunguza spidi zote kwa rimoti mkianza ujinga. Mimi napenda harufu ya tustroki, lakini hayo ni mambo yangu.

Niko Muscat. Nilienda gokati mara ya kwanza, nikapeperushiwa bendera ya bluu raundi tatu mfululizo, nikajua wananipongeza. Baadae wakanipa nyeusi nikatolewa. Kosa langu nini?

Kaka bluu maana yake kuna mtu wa haraka nyuma yako, mpishe. Raundi tatu amekuja kukupigia hodi na wewe unawapungia mkono. Kupisha siyo kuhama hovyo, kaa kwenye mstari wako, punguza mafuta kwenye sehemu iliyonyooka, mwonyeshe kwa mkono apite upande gani, usimkatie ghafla maana hapo ndo mnagongana. Njano kuna ajali mbele, usimpite mtu. Nyekundu kila mtu apunguze mbio, ajiandae kusimama, afuate wanavyoelekeza. Ya mirabamiraba mbio zimeisha, unamaliza raundi taratibu unaingia ndani, hausimami pale kwenye mstari kushangilia kwa sababu walioko nyuma yako bado wanakuja na spidi yao. Na nyeusi ikionyeshwa ni wewe, unaingia ndani raundi hiyo hiyo, kama una ubishi utabisha ukiwa umeshavua helmeti.